Kwikwi Mbele ya Wahandisi

Tangu aanze kutambaa, binti wa msusi hakuweza kuona skrubu akaiacha na amani yake. Alifungua redio, akafungua saa ya ukutani, siku moja akafungua draya la mama yake huku mteja amekaa chini yake, kichwa kimelowa chapa. Mtaa ukamwita Bomoa, na jina likamganda kama kupe. Kurudishia alikuwa anarudishia, tusimsingizie, ila kila mara zilibaki skrubu mbili tatu mezani, naye husema, "Hizi zilikuwa za ziada."

Basi Bomoa akaomba kusoma uhandisi wa mitambo, katika chuo ambacho waombaji hujaa kama siafu na nafasi ni za kugombania. Alama zake zikamfikisha kwenye mahojiano. Asubuhi ya siku hiyo mama yake alimsuka kwa nguvu zote za upendo, hadi nyusi zikapanda karibu na utosi.

"Mama, siwezi kufumba macho!"

"Vizuri. Hawatasema unasinzia."

Kwa wasiwasi akala mkate mkavu huku anatembea, tena kwa pupa. Alipoitwa ndani, kwikwi ikamshika mlangoni.

Walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mzee mwenye upara unaong'aa, mama mmoja mhandisi mwenye miwani mikubwa, na mhadhiri kijana mwenye tai iliyompita mkanda.

"Karibu, binti," akasema mwenyekiti. "Kwa nini unataka uhandisi?"

"Kwa sababu napenda, kwik! Napenda ma-kwik!"

"Mpeni maji," akasema mama mhandisi. "Kunywa bila kupumua, mwanangu."

"Sivyo hivyo," akadakia mhadhiri kijana. "Anywe ameinama. Ni suala la mgandamizo."

"Mgandamizo wa wapi, bwana wee! Huyu si pampu."

Kijana akasimama, akachora tumbo ubaoni na mishale ya kupanda na kushuka. Mama mhandisi akamnyang'anya chaki, akageuza mishale yote. Bomoa alikuwa ameinama katikati ya chumba, maji yanampita puani, na kwikwi yuko nayo vilevile. Akajisemea moyoni, nimekwisha.

Ghafla mwenyekiti akapiga meza kwa kiganja. "Basi! Tumekukataa! Toka nje!"

Kwikwi ikakoma, na aibu yote ikaondoka nayo.

"Mmenikataa?" Bomoa akainuka, maji yanamtiririka kidevuni. "Mzee wangu, samahani, lakini hamjaniuliza chochote! Hamjui kwamba draya la mama lilipoungua nililitengeneza mwenyewe. Nikaweka feni kinyume, badala ya kupuliza ikanyonya, ikameza wigi la mteja! Nikalifungua tena, nikakesha nalo, nikaona nilipokosea. Lakini kwa nini panga za feni zikiinama hivi upepo uende kule, hilo sijui, na mtaani hakuna wa kuniambia! Sijaja hapa kwa kuwa najua. Nimekuja kwa kuwa sijui, na inaniwasha!"

Mwenyekiti alikuwa anatabasamu masikio kwa masikio. "Kaa, binti, kaa. Nilikuwa nakushtua tu. Bibi yangu ndivyo alivyotutibu kwikwi."

Akakaa pwata. Hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili.

"Na lile wigi," mama mhandisi akauliza kwa upole, "lilipona?"

"Halikupona, mama. Lilitoka kama kifaranga kilichonyeshewa."

Mama yule akacheka hadi akavua miwani. Mhadhiri kijana akafuta lile tumbo ubaoni, akamwambia Bomoa achore feni yenyewe, na wakaizungumza hadi mwombaji aliyefuata akachungulia kuuliza kama amesahauliwa.

Majibu yalikuja wiki kadhaa baadaye, kwa simu, wakati msusi ana mteja aliyesukwa nusu ya kichwa.

"Mama, nimepata!"

Chanuo likaruka huko. Msusi akatoka mbio barabarani akipiga vigelegele, na mteja akamfuata nyuma, upande mmoja mistari, upande mwingine kichaka, naye anapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Walipofika kona ya pili ndipo akauliza, "Shoga, kwani kuna nini?"

"Mwanangu anakwenda kuwa mhandisi!"

"Hongera, jamani, hongera! Na mimi kichwa?"

"Wewe njoo kesho," akasema msusi, na vigelegele vikaendelea.