Théophile, Mkalimani wa Mazuku

Huko Shasha, kando ya ziwa na njia ya Sake, kuna mashimo katikati ya mawe meusi ambamo majani huota mazuri kuliko kwingine kote. Mbuzi huingia asubuhi na asitoke. Kitu kinachowaua hakionekani wala hakinuki, na watu wanakiita mazuku. Kila mtu alikuwa na maelezo yake: huyu mizimu, yule uchawi wa jirani, na mwingine dhambi tu.

Mwaka wa hamsini na tatu akaja Mzungu mmoja, mtaalamu wa mawe na moshi wa milima, akitaka watu waelewe. Nia nzuri, hakuna anayekataa, ila maneno yake yalikuwa ya darasani. Akamchukua Théophile, kijana wa kijiji cha Muheto aliyeonja seminari kidogo, awe mkalimani wake. Mkutano wa kwanza Mzungu alisoma karatasi yake kuhusu gesi ya kaboni na uzito wake, na Théophile akaitafsiri neno kwa neno, "hewa ya makaa." Mama mmoja akauliza ni nani anayechoma makaa chini ya udongo, na chefu wa kijiji amempa ruhusa lini. Watu wakacheka mpaka Mzungu akawa mwekundu.

Jioni ile Théophile akamwambia, "Docteur, weka karatasi. Hawa wanapika kasiksi, pombe ya ndizi."

Mkutano uliofuata alisimama mwenyewe mbele, karibu na shimo, akamgeukia mama yule yule.

"Mama, wakati unainama juu ya mutungi wa kasiksi yenye inachemka, unasikia nini?"

"Kichwa inazunguka," akajibu mama.

"Hapa pia njo upepo ule ule. Iko muzito. Inalala chini sawa vile maji inalala mu shimo. Muntu akiingia anazama, na nguo yake haiguswe na maji."

Kisha Mzungu akateremsha taa kwa kamba. Ilipofika kimo cha kiuno ikazimika. Akaivuta, akaiwasha, akaiteremsha tena, ikazimika tena. Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile Mzungu akaitwa Bwana Taa, na chefu akapewa taa na kamba vikae kwake kwa faida ya watu wote.

"Na kama unaona ndugu yako analala mule," Théophile akamalizia, "usimufuate. Ungoje mupaka taa iwake hata chini kabisa."

Mambo ya kasiksi waliyapokea, na ya taa pia, lakini hili liliwakwama kooni. Kwa watu wale mtu akianguka anainuliwa na wa kwake, saa ile ile. Kumwacha chini ni kumkana mbele ya watu. Ndiyo maana mazuku hayakumchukua mtu peke yake: mke alimfuata mume, kaka akamfuata dada. Bwana Taa alitaka hasa jambo hili likome. Théophile alilitaka zaidi, kwa sababu dada yake Victorine alikuwa ameolewa palepale na Sebarenzi, na shamba lao la maharagwe lilikuwa ng'ambo ya shimo. Alimtazama Victorine akitikisa kichwa kukubali, moyo wake ukatulia.

Masika yalipoingia, asubuhi moja ya mawingu isiyo na upepo hata kidogo, mbuzi wa Sebarenzi alichomoka akaingia shimoni. Sebarenzi alikuwa ameona jua likichungulia, akadhani upepo mubaya wa shimoni umekwisha kuondoka. Akashuka. Théophile, aliyekuwa amelala kwao ili asubuhi amsindikize Bwana Taa safarini, alisikia kelele akakimbia. Alimkuta Victorine ukingoni, kitenge kimemwanguka, mguu mmoja umekwisha kuteremka. Akamkumbatia kwa nyuma, akaita wanaume wawili wamsaidie.

"Niache, Théo. Ni bwana yangu."

"Taa kwanza, dada. Muende mulete taa."

Ililetwa. Ikazimika. Wakaiwasha, ikazimika. Sebarenzi alilala ubavu chini kwenye majani yale mazuri, mkono umekaa chini ya shavu, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kumtupia kofia. Victorine alipigana, akamuuma kaka yake mkononi, mwishoni akaishiwa nguvu akakaa tu, akilitaja jina la mumewe kwa sauti ya kawaida kana kwamba anamwita aje kula. Watu walisimama wakitazama. Théophile aliisikia chuki yao mgongoni, akaendelea kuteremsha kamba. Upepo wa ziwa ulikuja mchana, taa ikabaki hai, wakashuka. Sebarenzi alikuwa amekwisha kukauka.

Tangu hapo hakuna aliyempa Théophile kiti. Wakwe wa Victorine walisema wazi kwamba ameyalinda mazuku yasinyang'anywe windo lao. Yeye alijikaza, akijiambia kwamba angalau dada yuko hai, na kwamba siku moja ataelewa.

Baada ya mazishi Bwana Taa alikuja kutoa pole, kofia mkononi. Victorine hakuisikia pole. Akamwambia kaka yake, bila kumtazama, "Muulize. Ile wakati ulikuwa unanishika, Sebarenzi alikuwa amekwisha kufa?"

Théophile akauliza kwa Kifaransa, akiomba moyoni jibu liwe moja tu. Lakini Bwana Taa alikuwa mtu mkweli. Alifikiri, akasema hajui. Wengine hufa mara moja, alisema, wengine huweza kukaa kidogo wakiwa hai, ila mke angeshuka wangekufa wote wawili, hilo ana hakika nalo.

Théophile angeweza kudanganya. Alitafsiri yote, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Victorine alisikiliza vizuri. "Kumbe alikuwa anaweza kunisikia naita," akasema. "Na wewe unanishika. Ingekuwa muzuri tungelala naye pale. Usirudie kufika kwangu, Théo. Hata siku ya mazishi yangu."

"Anasema nini?" akauliza Bwana Taa.

"Anakushukuru," akasema Théophile.

Uso wa Bwana Taa ukachangamka kidogo. Akamwendea mjane, akamnyooshea mkono, na Théophile akasimama kando akingoja kumtafsiria.