Debe la Mama Unga

Mama Unga alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, ya dizeli, iliyonguruma mpaka masufuria ya jirani yakatikisika. Kwa mngurumo huo watu walijua amefungua. Aliachiwa na marehemu mumewe, na ndiyo iliyowalisha wanawe.

Serikali ilipotangaza kodi ya mafuta ili moshi upungue, wasagaji wote walishika vichwa. Kodi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Wauza mafuta, kwa kujua siku zao zinahesabika, wakamwaga dizeli sokoni kwa bei ya kutupa, na wasagaji wakakimbilia injini kubwa zaidi. Ndivyo tulivyo, tukipewa nafasi ya kujirekebisha tunaitumia kuharibu. Mama Unga naye akaenda gereji kwa shemeji yake, fundi injini, mdogo wa marehemu, amtafutie kubwa kuliko zote.

"Sikutafutii," fundi akasema. "Kodi ikicheleweshwa haifi, shemeji. Moshi unazidi, na siku ikija itakuja kali ili kufidia. Weka mota ya umeme sasa, injini yako ingali ina mnunuzi."

Akakubali shingo upande. Mota ikafungwa, ikazunguka kimyakimya, na wateja wakapita mlangoni wakidhani amefunga! Mama Unga akatundika debe tupu, akawa analigonga kila asubuhi huku akimsema fundi. Alimnunia kwelikweli, hata salamu zake akaziitikia puani.

Kodi ikaja, na ukali wa miaka yote iliyoahirishwa. Injini mpya zikazimwa moja baada ya nyingine. Mtaani likabaki kusikika debe la Mama Unga, na foleni ikazunguka nyumba.

Hapo ndipo akili ikamjia kwamba aliyemkataza injini alikuwa akiishi kwa injini. Akachukua mfuko wa unga, akaenda gereji. Fundi alikuwa peke yake, anafuta spana zisizo na kazi.

"Shemeji, nilikununia bure. Nisamehe, na asante sana. Ulijua haya yatakukuta?"

"Nilijua."

"Na bado ukaniambia?"

"Wanao wangelala njaa, kaka ningemjibu nini?"

Machozi yakamtoka Mama Unga, wala hakuyaficha. Akatoa ufunguo wa pili wa chumba cha mashine, ule wa marehemu, ambao hakuwahi kumpa mtu, akamwekea kiganjani.

"Kesho debe utaligonga wewe," akamwambia.