Nilipoishia Hamsini na Tatu

Harufu ya nyasi zilizofukiwa kwenye udongo mbichi bado hunirudisha kwenye shamba la shule yetu, nje kidogo ya Katandala. Miaka ile ya Ujamaa kila darasa lilikuwa na sehemu yake ya kulima. Sisi wa darasa la sita tulifukia majani ndani ya matuta ya mviringo, kama wazazi wetu walivyofanya kote Ufipa, na mwalimu alitaka matuta hayo yakae kwa safu zilizo sawa. Tulijaribu safu za matuta mawili, matatu, kisha matano, na kila mara likabaki tuta moja; tukakata tamaa tukalibomoa.

Mimi nililihurumia lile tuta. Nyumbani Malangali nilikuwa na kitabu kisicho na jalada, nacho kilinifundisha kwamba namba isiyokubali kupangwa kwa safu sawa huitwa namba tasa. Nikabuni mtego wangu: zidisha namba tasa kwa mfuatano, kisha ongeza moja, lile tuta la kubaki. Mbili mara tatu, na moja juu, ni saba. Zidisha hadi tano, unapata thelathini na moja. Kisha 211, kisha 2,311. Zote tasa! Nilipozidisha hadi kumi na tatu nikapata 30,031. Nikaigawanya kwa kumi na saba, kwa kumi na tisa, hadi hamsini na tatu, ikakataa. Nilipaswa kuendelea hadi 173, tasa ya mwisho ambayo ikizidishwa kwa yenyewe haiipiti 30,031, ndipo niwe na hakika. Nakiri sikuwa nimechoka, niliogopa kwamba inayofuata ingeigawanya. Mwalimu aliponiuliza kama nimejaribu zote, nikasema ndiyo. Akaiandika ubaoni, na jina langu chini yake.

Wiki nzima niliuacha uji wa ulezi bakulini. Mwishowe nikamwambia Salima, jirani yangu wa dawati, ambaye baba yake alikuwa na duka mjini.

"Wee Fides! Umemdanganya mwalimu?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Lete chaki."

Akaanzia hamsini na tisa. Hakikubaki kitu: hamsini na tisa mara mia tano na tisa. Nikaanza kulia.

"Na hizi mbili, zinagawanyika?" akauliza.

Tukajaribu, safari hii hadi mwisho. Zote tasa, na hakuna hata moja niliyokuwa nimeizidisha.

"Umetega mmoja umenasa wawili, halafu unalia kama umeibiwa kuku!"

Nikaenda kwa mwalimu, nikamwamkia, nikasema niliishia wapi na Salima alipata nini. Akaugeukia ubao. "Zile ulizozidisha haziwezi kuigawanya, lazima moja ibaki," alisema taratibu. "Kwa hiyo mtego wako huleta tasa mpya kila mara, ama namba yenyewe, ama zilizojificha ndani yake. Basi namba tasa haziishi." Hakufuta jina langu. Aliongeza la Salima. Jioni ile nilimaliza mabakuli mawili ya uji.

Siku hizi simu huigawanya 30,031 kabla sijapepesa macho, na mimi bado nasoma barua yangu mara tisa kabla ya kuituma. Lakini nikihisi woga umenisimamisha mahali, namtafuta mtu, namwonyesha nilipoishia, nampa chaki.