Ufunguo wa Pili wa Kabati

Unga wangu ulipoibwa mara ya tatu katika nyumba yetu ya mtaa wa International City, Dubai, nilipandwa na hasira nikagombana na wanawake wote saba niliokaa nao. "Khalas, basi," nikasema, "kila mtu na kabati lake, kila mtu na kufuli lake!" Kila kufuli lilikuja na funguo mbili. Ufunguo wa pili tulimpa dada Mmoroko, mkubwa wetu kwa umri, kwa kuwa sisi wengine tulikuwa mabingwa wa kupoteza. Kila Ijumaa alifungua makabati yote kusaka mende.

Mpango huo ulimchekesha sana. Kwao milimani, alisema, mababu waliishi hivyo hivyo: kijiji kizima kilijenga ghala moja juu ya jabali, lenye kuta nene na mnara kama ngome, na ndani kila ukoo ulikuwa na chumba chake cha nafaka. Mlango mkubwa ulikuwa na mlinzi. Leo ghala hilo ni gofu la karne nyingi, na kabla ya kuja Dubai aliajiriwa na wachimbuaji wa mambo ya kale kuchekecha udongo wa vyumba vile. Walipata punje za shayiri, maganda ya lozi na vigae vya mitungi.

Baadaye mgahawa wa mtaa wa Marina nilikofanya kazi ulinisimamisha. Sikumwambia mtu. Asubuhi nilivaa sare nikatoka. Nikirudi, nilisema nimekula kazini. Kabati langu lilibaki na kufuli tu. Niliona aibu kwelikweli, mimi niliyepiga kelele kuliko wote.

Jumamosi moja tukiwa wawili jikoni, dada alinihadithia chumba kimoja cha lile ghala. Hawakupata humo hata punje, lakini mlango wake ulikuwa na komeo zuri kuliko yote. Wakawauliza wazee wa kijiji kilikuwa cha nani. Wazee wakajibu kwamba mlinzi ndiye aliyejua, na mlinzi hasemi alichokiona.

Nikainama nikaosha kikombe kilichokuwa safi.

"Habibti, kabati langu limejaa," akasema. "Nikuwekee mchele na dengu kwako? Uvile, visije vikaingiwa na wadudu."

Nilivila wiki tatu. Nilipopata kazi nyingine nilinunua pakiti mbili za unga nikampelekea. Hakuwepo, na kabati lake halikuwa limefungwa. Ndani mlikuwa na chumvi na majani ya chai, basi. Nikaweka pakiti zote mbili, nikafunga mlango, na sikumwambia mtu.