Machungwa Niliyoyapeleka Kanisani Bila Kuonja

Jamani, aibu hii nimeifunika muda mrefu, lakini kwa kuwa Busunzu nzima wanaijua, heri niwasimulie mwenyewe kuliko mkaisikie kwa wanakwaya (wale wanaongeza chumvi).

Baba mkwe wangu anabebesha, yaani anaunganisha, miche ya matunda kule Kasulu. Tulipomaliza kujenga alituletea mchungwa, akaupanda nyuma ya jiko kwa mikono yake, akanionyesha alipofunga kipande cha nailoni shinani. "Chochote kitakachochipua chini ya nailoni hii, kata," akaniambia, na mimi nikaitikia ego baba, ego baba (ndiyo baba), huku macho yangu yako kwenye sufuria ya samaki, migebuka.

Mvua ziliponyesha, kitawi cha juu kikadumaa, ila chini ya nailoni kikachomoza chipukizi kinene, kina miiba, kila wiki kinarefuka, nikajiuliza mtu mwenye akili anakataje kinachokua akaacha kinachozubaa, nikaona mzee ameteleza ulimi, nikachukua panga nikafyeka cha juu. Mzee akapiga simu kuuliza. Nikamwambia nimekata, baba, kama ulivyosema (kukata kweli nilikata).

Mwaka wa nne mti ukazaa matunda makubwa, nikatamba kijiji kizima. Mke wangu Estella akauliza mbona maganda yana vinundu, nikamjibu ndiyo mbolea ya mbuzi hiyo. Kuonja hatukuonja, maana kwetu malimbuko yanafika kanisani kwanza ndipo nyumba inakula.

Jumapili ya mavuno nikamwalika baba mkwe. Baada ya ibada ukaja mnada, mzee wa kanisa akainua kapu langu akalisifu kuliko alivyowahi kunisifu mimi, na baba mkwe akapandisha dau mpaka wenzake wote wakanyamaza, uso umemchangamka, kazi ya mikono yake hiyo. Akatoa kisu palepale, akakata vipande, akampa mchungaji, akawapa wanakwaya, kimoja akatia kinywani.

Mchungaji alifumba jicho moja. Mama mmoja wa kwaya alitemea kwenye kitenge. Baba mkwe hakutema, alitafuna taratibu, akameza, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo kanisa zima liliisikia.

"Mkwe wangu, ulikata juu au chini?"

"Juu, baba."

"Na kwenye simu uliniambiaje?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kicheko ningekivumilia, kumbe mzee aliunga tawi la mchungwa juu ya shina la mlimao, nani angejua, lakini Estella alikuwa anatazama sakafu, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, kwa sababu baba yake alinunua uongo wangu mbele ya watu.

Jumatatu mzee alikuja nyumbani. Hakunigombeza. Alinipa msumeno nikate mwenyewe ule mlimao, miiba ikanichana mikono yote miwili, kisha akabebesha mchungwa upya kwenye shina lile na kufunga nailoni nyingine.

Mpaka leo Estella ananikamulia limao kwenye maharage bila kuombwa, nami namaliza sahani. Na mzee akipiga simu kuuliza kama chini kumechipua, simjibu papo hapo, namwomba asubiri, nazunguka nyuma ya jiko, nainama mpaka shinani, naangalia, ndipo nafungua mdomo.