Nusu Tupu ya Dona Violante

Shangazi yangu Deolinda alikuwa akiunga vyombo vya kauri vilivyovunjika, kwenye chumba kimoja kule Braga. Hakuwahi kuolewa, na habari za mizimu alikuwa akizikatiza kwa kuuliza mtu kama amekula.

Siku moja binamu yake Fausto, muuza vitu vya kale, alimletea sahani kubwa iliyopasuka katikati. Ilikuwa kauri ya Kichina, ya zile ambazo wenye vyeo wa zamani waliagiza zikiwa na nembo za koo zao. Upande wa kulia wa nembo walichorwa mbwamwitu wawili chini ya msonobari. Upande wa kushoto palikuwa peupe.

"Iunge, halafu nijazie hapo palipofutika," Fausto alisema. "Weka simba. Wateja wangu wa Lisbon wanapenda simba."

"Hapajafutika. Brashi haijawahi kupita hapa."

"Basi mchoraji alisahau."

"Tazama umbo la nembo hii, kama uru wa karata. Nembo ya mwanamume haiwi hivi. Huyu ni mwanamke, nusu moja ni ya kwao, na nyingine kamwachia mume."

"Mume yupi?"

"Ambaye alikuwa hajampata."

Fausto alicheka. "Kumbe mwenzako huyo."

Shangazi aliiunga, na katika siku hizo jambo likaanza. Kila mwanamume alipobisha mlango, shangazi aligeuka akidhani kuna mtu nyuma yake aliyesema maneno mawili. Hakumwambia yeyote. Alichotaka ni kujua jina la mwenye sahani.

Aliwakumbuka wale mbwamwitu. Aliwahi kuwaona wamechongwa juu ya lango la nyumba ya mawe, nje ya mji wa Ponte de Lima, akienda sokoni. Akaifunga sahani katika blanketi, akapanda basi.

Lango lilifunguliwa na mwenye nyumba, mzee Leandro. Blanketi lilipofunuliwa, hakunyoosha mkono.

"Ingia, mama," alisema. "Hiyo iache hapo kwenye ngazi."

Alimpeleka kwenye kikanisa cha familia, kando ya nyumba. Juu ya kaburi moja palikuwa na umbo lilelile la uru: mbwamwitu, msonobari, na nusu ya jiwe iliyoachwa laini. Chini yake, jina la Dona Violante, yaani Bibi Violante.

"Mchumba wake alikwenda Brazili," Leandro alisema. "Bibi huyu aliziagiza sahani zote hivyo ili mchumba akirudi akute nafasi yake."

"Hakurudi."

"Hakurudi. Na Dona Violante, kila mwanamume akibisha, alikuwa anauliza, 'Ni wewe?' Kazeeka anauliza." Mzee aliutazama mlango. "Kafa, na bado anauliza. Marehemu baba alipoziuza sahani, zote, ndipo nyumba hii ilipotulia."

Shangazi aliyatambua. Yalikuwa maneno hayohayo mawili.

"Ana sauti ya chini," alisema. "Kama mtu aliyeamshwa."

Leandro alimgeukia. "Usiniachie hiyo sahani, mama. Nakuomba sana."

Shangazi alirudi nayo, ameipakata. Fausto alipoifuata alimkatalia. Akampa bakuli lake zuri la supu kuwa fidia, na hata hivyo walinuniana mpaka Pasaka.

Miaka iliyofuata nilihamia kwake, nikayaona mwenyewe. Sahani ilikaa jikoni, haijajazwa. Mwanamume akibisha, shangazi husema kwanza, bila kunyanyua macho kwenye kazi yake, "Siye, Dona Violante. Ni mleta barua tu." Au ni fundi bomba, au ni padri. Ndipo anafungua. Mimi sikuwahi kusikia kitu, ila niliona kwamba baada ya kusema hivyo alisubiri kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake arudi kuketi.

Siku moja nilimuuliza: na yule mchumba akija mwenyewe?

Alikuwa akiosha brashi.

"Nitachukua koti langu nitoke," alisema. "Watakuwa na mengi ya kuzungumza."