Baba Mkwe Asiye na Jina

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Ngara nikisubiri kutoa kopi. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akichapisha zoezi lake la Kihispania, lugha anayojifunza kwa simu. Mwalimu wake alikuwa amemwambia ajieleze yeye, familia yake na marafiki.

Dada wa kompyuta akasimamisha kidole kwenye kioo. “Mama, kwa baba mkwe hujaweka jina.”

“Siweki. Kwetu mkwe hatajwi jina.”

“Lakini hiki ni Kihispania. Hatajua.”

“Mimi nitajua.”

“Mwalimu atakukata maksi.”

“Akate.”

Mama akavuta kiti, akafungua daftari lake la maneno, akaanza kumsomea dada sentensi fupifupi za kuongeza, kila moja akimtafsiria. Ni mrefu. Ni mwembamba. Ana kofia nyekundu. Ana baiskeli. Baiskeli haina breki. Anashuka mlima, anacheka.

Dada akaacha kuchapa. “Si yule mzee wa Mbuba anayeuza asali?”

“Mimi sijamtaja,” mama akasema, akakunja karatasi zake na kuondoka.

Miaka yote hii naandika majina ya watu gazetini. Sijui kama kuna msomaji aliyewahi kumwona hata mmoja wao namna hiyo.